Kobe wako unamlisha nini? Anza na magugu unayoyang'oa uwani

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Fuoni kaja na mtoto wa kobe ndani ya beseni la kufulia, kamfunika kanga, ananambia shoga hebu nitazamie huyu mbona hatembei. Nikamshika, gamba linabonyea kwa kidole gumba na miguu ya nyuma anaiburura tu. Nikamuuliza anakula nini, akanijibu kwa moyo mweupe kabisa, "mchicha kila siku, na wali tukipika wali, na ndizi ndo anazipenda sana." Tena tangu aletwe yumo ndani ya chumba, jua halioni. Sikuweza kumlaumu hata kidogo, maana siye kwetu tulifanya hivo hivo miaka na miaka, kobe wetu Subira tumemrithi kwa babu na gamba lake limeota vinundu ambavyo havitorudi tena kuwa sawa, kila nikimuosha mkono unapita juu yake na roho inaniuma. Basi naandika hapa yote ninayoyajua kuhusu chakula cha kobe, kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa Unguja na Pemba, usije ukadhani lazima uagize makopo kutoka Dubai.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kobe yupi. Nasema kobe wa nchi kavu, sio kasa wa baharini, huyo ni kiumbe mwengine kabisa na hafugwi uwani. Na hata hao wa nchi kavu hawako sawa. Kuna wale wakubwa kama wa kisiwa cha Changuu, asili yao Aldabra huko Shelisheli, dume akikomaa anaweza kufika kilo 250. Kuna wa madoadoa ya njano na nyeusi kama chui, Subira ndo kabila hiyo, babu alimpata kwa baharia mmoja wa jahazi kutoka bara. Hawa wote wawili ni walaji wa majani, kama ng'ombe tu. Halafu kuna yule mdogo wa kahawia ambaye gamba lake kwa nyuma lina kama bawaba, akiogopa analifunga. Huyo chakula chake ni tofauti, mbali na majani anakula na uyoga, konokono, jongoo na matunda yaliyoanguka msituni, kwahivyo ukimlisha nyasi tupu utamdhoofisha, na ukimlisha yule wa madoa kama huyu wa bawaba utamuua figo. Mtazame gamba kwanza kabla hujasoma huku mbele, sababu mengi nitakayosema ni ya wale walaji majani.

Na jambo jengine naomba mulichukulie kwa uzito, usimuokote kobe porini ukamtia gunini, na usinunue kwa mtu anayekuja nae usiku. Wanyama pori wana sheria yao hapa Zanzibar, na kobe wa Aldabra na wa madoa wote wamo katika mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama. Sie babu alipofariki tulikwenda kwa watu wa misitu tukaeleza, tukaandikishwa, hakuna aliyetugombeza. Kama unae wa kurithi nenda kaulize.

Nimeitaja Changuu kwa makusudi. Wengi wetu tumejifunza kulisha kobe kule. Tumepelekwa na skuli, tumepanda boti, tukapewa fungu la majani tukamtia kobe mdomoni, tukapiga picha, bas tukarudi nyumbani tukijua kobe anakula mchicha. Wale kobe asili yao ni zawadi ya mwaka 1919, wanne tu waliletwa kutoka Shelisheli, wakazaana mpaka inasemwa mwaka 1955 walikuwa karibu 200, kisha watu wakawaiba na kuwauza mpaka mwaka 1996 wakahesabiwa 7 tu. Sasa wanalindwa na wamezaana tena. Lakini lile fungu la majani unalompa wewe mgeni ni kitafunio, mnyama yule ana eneo la kuzunguka, ana nyasi, ana majani yanayodondoka kutoka mitini, ana jua la kutwa. Ukimchukua kobe ukamuweka kwenye uwa wa saruji halafu ukampa kile kitafunio peke yake ndo kila siku, umempa chai bila ya mkate.

Sasa tuje kwenye tumbo lenyewe. Kobe mla majani hasagi chakula kwa tumbo la mbele kama sisi, kazi kubwa inafanywa nyuma, kwenye utumbo mpana, huko kuna bakteria wanaochachua nyasi pole pole na kumpa nguvu. Bakteria hao wanaishi kwa nyuzinyuzi. Ukiwapa nyuzinyuzi wanatulia, ukiwapa sukari au wanga wanavurugika, wanakuja wengine wabaya, anaharisha, minyoo nayo inapata nafasi. Ndo maana kinyesi cha kobe mzima kinatakiwa ukikipasua uone nyasi ndani yake, kigumu kidogo, kama cha punda mdogo. Kikiwa uji uji na kinanuka, wala usitafute mchawi, tazama sahani yake.

Kwahivyo kanuni ni hii, nyuzinyuzi nyingi, kalsiamu nyingi, protini kidogo, sukari karibu na hakuna. Kwa wale wa madoa na wa Changuu, hesabu kama sehemu nane au tisa kati ya kumi ya chakula chote iwe nyasi na magugu. Hio sehemu ilobaki ndo mboga za sokoni na maua. Watu wengi wamegeuza, wanampa mboga za sokoni tisa na nyasi moja, tena ile moja kaitafuta kobe mwenyewe ukutani.

Habari njema ni kwamba magugu hatuna shida nayo. Ukoka ndo mkate wake. Ule ukoka unaotambaa kila pahali, uwanja wa mpira, pembezoni mwa shamba, uchume au umuache aupande mwenyewe, hakuna kitu bora kuliko kobe kujichungia mwenyewe saa mbili asubuhi. Halafu mchunga. Mchunga unaujua, ule mboga chungu wenye maziwa na maua ya manjano, wazee wanaupika kwa nazi, na kobe anaupenda mno, uchungu kwake sio tatizo. Ukinambia nichague kitu kimoja cha kuongeza kwenye chakula cha kobe wako leo hii nitakwambia mchunga, na upo bure shambani masika yote. Kuna lile jani la maua madogo ya buluu linalotambaa penye unyevu karibu na mfereji, nalo zuri. Kishona nguo akiwa bado mchanga, kabla hajatoa zile sindano zinazong'ang'ania kanzu. Majani ya mforosadi kama una bahati ya kuwa nao, hayo yana kalsiamu nzuri na Subira anayala mpaka kikonyo. Majani ya mgomba ukiyachana chana, ni nyuzi tupu lakini nyuzi ndo tunazotaka.

Maua ya haibiskasi, yale mekundu makubwa watu wanayoyapanda kuwa uzio, mpe yeye ua na jani vyote. Kobe anavutiwa sana na rangi nyekundu na njano, ukimwekea ua jekundu juu ya nyasi anakuja mbio, mbio za kobe lakini mbio. Hii niliigundua kwa mtoto wangu aliyekuwa akiangusha maua makusudi ili amuone anakuja, na siku hizi ndo hila yangu ya kumlisha kitu asichokipenda.

Na mpungate, nausisitiza sana. Ule mmea wa miiba wenye majani mapana kama kandambili unaota penye mawe na mchanga, sehemu kavu kavu za pwani utauona. Una maji, una nyuzi, una kalsiamu. Kata jani moja changa, lishike kwa koleo ulipitishe juu ya moto wa jiko miiba yote iungue, hata ile midogo kama manyoya ambayo ndo mibaya zaidi sababu huioni, kisha lioshe, likate vipande. Wakati wa kaskazi kila kitu kimekauka mpungate ndo unaokuokoa.

Sasa mboga za sokoni, Darajani au Mwanakwerekwe au Chake, popote unaponunua. Matembele mazuri kwa zamu. Majani ya maboga mazuri. Majani ya kunde na ya mlonge yana virutubisho vingi lakini protini pia nyingi, mlonge hasa, mpe kiganja kidogo mara moja kwa wiki ukichanganya na nyasi, sio kumjazia sinia kwa vile umesikia mlonge unatibu maradhi mia. Kobe mdogo akipata protini nyingi anakua haraka kuliko inavyotakiwa na figo zinafanya kazi ya punda.

Mchicha ndo ugomvi wangu na majirani. Mchicha sio sumu, tusivuke mpaka. Tatizo lake ni kwamba una asidi inayoitwa oksaliki, na hio inaishika kalsiamu tumboni isiweze kunyonywa mwilini, spinachi nayo vile vile. Kwahivyo kobe anakula majani ya kijani kibichi kabisa, wewe roho yako imetulia, kumbe anachokila hakiwezi kujenga mfupa. Mara moja moja ukichanganya na vyengine hana neno, lakini mchicha kila siku miezi minane ndo ule mtoto wa kobe wa jirani yangu. Kabichi ina shida nyengine, ikizidi inasumbua tezi ya shingo, weka kwa nadra. Saladi ile ya majani ya hotelini ni maji tu, anashiba maji, mpe siku umeishiwa. Tungule mbivu kipande kidogo siku moja moja sawa, lakini majani ya mtungule na ya mbatata usimpe kamwe, wala mbatata iliyogeuka kijani. Kitunguu hapana. Kisamvu kibichi hapana kabisa, hata kama mbuzi wako unamuona anakula na hajafa, muhogo una sumu ndani ya majani ambayo sisi tunaitoa kwa kutwanga na kupika muda mrefu, kobe hana kinu.

Chochote ulichonunua kioshe kwa maji mengi. Wakulima wanapiga dawa ya wadudu, kobe ni mdogo na anakula majani hayo hayo kila siku, sumu inajikusanya. Na usichume nyasi kando ya barabara kubwa au pahali palipopigwa dawa ya mbu.

Matunda. Hapa ndo pagumu maana Zanzibar sisi ni nchi ya matunda, na ukimpa kobe embe anakutazama kama umempa dunia. Mlaji majani matunda kwake ni kama haluwa, kipande cha ukubwa wa kichwa chake mara moja kwa wiki mbili, bas. Papai ndo nalopendelea, au ndani ya tikiti karibu na ganda, au pera. Ndizi mbivu ina sukari nyingi na kalsiamu kidogo kabisa, Subira aliishi kwa ndizi maana ndo babu alikuwa nazo, mkungu ukiiva hauliki wote, za chini anapewa kobe. Kama una muembe uwani basi msimu wa embe okota zilizoanguka kila asubuhi kabla hujamfungulia, zile zilizoanza kuchacha chini ya mti zinamlewesha tumbo. Mwaka mmoja tulisafiri wiki moja tu kwenda Wete harusini, tukarudi tukamkuta kobe kaharisha uwa mzima, amekula maembe ya chini wiki nzima hakuna aliyeyaokota. Yule mdogo wa bawaba yeye matunda anaruhusiwa zaidi, lakini nae sio kila siku.

Ramadhani. Hili lazima niliseme peke yake. Mwezi mzima jioni kuna mabaki, tambi, muhogo wa nazi, ndizi za kukaanga, vitumbua, mkate wa mofa, na watoto wana huruma, wanamchukulia kobe futari yake. Wali, mkate, ugali, tambi, biskuti za Idi, vyote hivyo ni wanga na sukari na chumvi, bakteria wale niliowasema wanavurugika siku hio hio. Maziwa pia hapana, wala chakula cha paka, wala nyama au dagaa kwa hawa wala majani. Nilichofanya kwetu nimewapa watoto kikapu chao, kila jioni kabla ya futari wanakwenda kuchuma mchunga na maua wanamfuturisha nayo, na wanafurahi sawa sawa. Lakini waoshe mikono kwa sabuni kila wakimshika au wakisafisha sinia lake, kobe anaweza kubeba vijidudu vya salmonela na mtoto mdogo akatia mkono mdomoni.

Mimea ya sumu uwani kwako, pita uikague leo. Mbono na mbono kaburi, mnyaa wenye utomvu mweupe unaopandwa uzio, olianda ya maua ya waridi, mnanaha, embe mafuta (parachichi) majani yake na ganda. Watu wanasema mnyama anajua mwenyewe kisichofaa. Kobe wa porini labda, mwenye njia mia za kuchagua, kobe uliyemfungia kwenye uwa wa mita nne na hana kitu chengine atakula kilichopo. Na mifuko ya plastiki na vifuniko vya chupa ondosha, vyekundu hasa, atadhani ua.

Sasa kalsiamu, hapa ndo bahari inatusaidia. Ukitembea ufukweni utaona ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule jamii ya ngisi, umbo kama mtumbwi, upande mmoja mgumu na mwengine laini unakwaruzika kwa kucha kama chaki. Huo ni kalsiamu tupu na watu huko nje wanaununua dukani. Uokote, uroweke kwenye maji baridi ya bomba siku tatu nne ukibadilisha maji kila siku chumvi itoke, uanike juani ukauke kabisa, halafu muwekee mzima mzima pahali pake, atautafuna akihitaji. Mwengine ukune unga, nyunyiza kidogo tu juu ya majani, kobe anayekua mara mbili tatu kwa wiki, na jike anayetaga vile vile sababu maganda ya mayai yanatoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Huna dome, tumia maganda ya mayai ya kuku, yachemshe, yakaushe, yasage mpaka yawe laini kama unga wa ngano. Mwani usimpe, najua Paje na Jambiani umeanikwa kila pahali na unaonekana majani, lakini una chumvi nyingi.

Kalsiamu hiyo lakini haifanyi kazi peke yake. Mwili unahitaji vitamini D ili uinyonye na kobe anaitengeneza kwa jua linalompiga gamba na ngozi, jua lenyewe sio la nyuma ya kioo cha dirisha, kioo kinazuia ile miale inayohitajika. Ndo maana yule kobe wa jirani hata angekula mchunga asingepona chumbani. Mtoe nje kila siku, awe na jua na awe na kivuli cha kukimbilia, maana jua la saa saba mchana la Zanzibar kwenye saruji bila kivuli linaua kobe mdogo kwa muda mchache. Kivuli cha mti, jamvi juu ya matofali mawili, chochote.

Maji watu wanayasahau, wanasema kobe anapata maji kwenye majani. Anapata, hayatoshi. Muwekee sahani pana isiyo na kina, maji yafike kidevuni tu akiingia, ubadilishe kila siku maana ataingia humo humo atajisaidia. Watoto wa kobe mie nawaogesha kwenye beseni maji ya vuguvugu dakika kumi na tano hivi mara tatu kwa wiki, wanakunywa na wanatoa uchafu. Akikojoa utaona na kitu cheupe kama dawa ya meno, hicho ni kawaida, lakini kikiwa kigumu chenye chenga kama mchanga basi ana kiu ya siku nyingi. Na vile vinundu vya gamba nilivyosema vya Subira, zamani nilidhani ni chakula tu, kumbe na ukavu nao unachangia sana hasa akiwa mdogo, kobe mchanga aliyekaa pahali pakavu siku zote gamba linaota vilima hata akila vizuri. Kwahivyo muwekee kona yenye udongo unyevu na majani makavu ajifukie.

Jinsi ya kumpa sasa. Asubuhi, lakini sio alfajiri, mngoje apate jua kwanza maana mwili wake bila joto hausagi chakula. Kiasi, fanya kichungu cha majani kinacholingana na gamba lake, kwa mdogo kila siku, kwa mkubwa kama ana nyasi za kujichungia basi hata siku unaruka hana neno. Weka juu ya jiwe bapa au kigae, usimwage mchangani, atameza mchanga pamoja na majani na ukikusanyika unamziba utumbo. Jiwe la matumbawe lililo bapa ndo zuri zaidi, likikwaruza mdomo wake kila siku mdomo haurefuki, nimeona kobe ana mdomo kama kasuku kwa sababu miaka yote analishwa vitu laini kwenye bakuli la plastiki. Majani ya mkubwa usimkatie katie, aache avute ararue, ni mazoezi. Ya mdogo mkatie.

Na badilisha. Hili la kubadilisha ni zito kuliko kutafuta jani moja bora, sababu kila jani lina upungufu wake na mengine yanaziba pengo. Mie sina ratiba, ninachoangalia ni kwamba ndani ya wiki moja awe kaonja aina nane au kumi, nyasi ikiwemo kila siku. Leo ukoka na mchunga na maua, kesho ukoka na matembele na mgomba, kesho kutwa mpungate, hivo hivo.

Msimu unakuamulia mengi. Masika hadi vuli magugu tele, ila chakula kilicholowa kikilala kinaota ukungu kwa usiku mmoja, ondosha mabaki kila jioni. Kaskazi kuanzia Disemba mpaka karibu na Machi jua kali na majani yamekwisha, hapo ndo watu wanarudi kwenye mchicha wa sokoni. Jiandae mapema, wakati nyasi ni nyingi kata ukoka uanike juu ya jamvi kama unavyoanika karafuu lakini kivulini ubaki na ukijani, ukishakauka kabisa utie kwenye gunia pahali pasipo na unyevu. Ukimpa uloweshe maji kidogo uchanganye na mpungate au majani ya maboga. Kipupwe cha Juni mpaka Agosti atakula kidogo zaidi kwa sababu ya baridi, hilo ni la kawaida, lakini hawa wetu hawalali usingizi wa miezi kama kobe wa Ulaya, ukisoma pahali kwamba umfungie kwenye sanduku la majani makavu miezi mitatu hayo ni ya kobe wengine.

Akiwa kazoea ndizi na wali akaikataa nyasi, na ataikataa, Subira alinigomea siku sita nzima, usiogope. Kobe mkubwa mwenye afya anaweza kukaa siku kadhaa bila kula hana neno. Usimkatie ghafla pia, katia katia mchunga na ukoka vidogo vidogo sana uchanganye na kile anachokipenda kiasi kwamba hawezi kukichambua, paka na maji ya papai kidogo, kila siku chache ongeza majani punguza lile tamu. Mie ilinichukua kama miezi miwili. Mama alikuwa ananambia unamtesa mnyama wa baba yangu, na ilikuwa ngumu kumjibu maana babu alimpenda yule kobe kwa njia aliyoijua, alichokula yeye na kobe alikula. Sikuwa na la kumwambia isipokuwa kumuonesha kinyesi, kweli, nilimuita akaja akaona kilivyobadilika na tangu siku hio yeye ndo anayechuma mchunga.

Mpime kwa mzani wa jikoni kila mwezi, mkubwa mpeleke kwenye mzani wa dukani, andika kwenye simu. Akipungua mfululizo, au macho yamevimba, pua inatoa povu, gamba linabonyea na sio mtoto aliyetotolewa juzi, anaburura miguu, hajala wiki mbili na joto lipo, hapo chakula peke yake hakitoshi tena, mpeleke kwa daktari wa mifugo na umueleze kila kitu alichokuwa anakula hata kile unachoona aibu kukitaja.

Yule wa jirani tulimpeleka, kapewa dawa ya kalsiamu na maelekezo ya jua. Daktari kasema gamba litachukua miezi mingi kukaza na huenda miguu isirudi sawa yote. Jana jioni nimepita nikamkuta juu ya jiwe, kivuli nusu jua nusu, anang'ang'ana na ua la haibiskasi kubwa kuliko kichwa chake, na jirani kakaa chini pembeni yake anachambua ukoka mmoja mmoja kutoa mchanga.